Mtwara kwenda Dar: ndege ipi na saa ipi, kwa anayeogopa kisulisuli cha ndege iliyotangulia

Mjomba wangu analima korosho Newala na si mtu wa kuogopa ovyo. Ameshalala shambani peke yake msimu mzima akilinda korosho zake. Mwezi uliopita nilimkatia tiketi ya ndege kutoka Mtwara kwenda Dar es Salaam akatibiwe macho, na safari ilikuwa shwari mpaka dakika za mwisho. Ilikuwa jioni, upepo umelala, magurudumu yameshashushwa, taa za mji zinaonekana dirishani. Ghafla ndege ikalala ubavu wa kushoto, kama mtu aliyevutwa shati kwa nyuma. Rubani akairudisha, ikayumba kidogo kulia, ikakaa sawa. Mfuko wa korosho aliokuwa ameupakata ukamwagika hadi viti vya mbele.

Kwa hesabu ya mjomba, ndege ililala dakika nzima. Mimi nadhani hazikufika sekunde sita. Rubani alitangaza kwamba wamepita kwenye mkondo wa ndege kubwa iliyotangulia kutua, akaomba radhi, wakatua salama.

Sasa daktari anamtaka tena. Akanipigia simu: "Mpwa wangu, nauli isikusumbue, msimu huu umelipa. Wewe si ulikaa uwanjani? Nitafutie ndege isiyolala."

Uwanjani nilikaa kweli, miaka kadhaa, upande wa mizigo: kupima, kupakia, kujaza karatasi ya uzito. Urubani sikuusomea. Ila mtu wa mizigo husimama karibu na marubani kila siku wakati wanasubiri abiria wa mwisho anayekimbia na begi lake, na mimi nilikuwa na maswali mengi. Haya ndiyo niliyompangia mjomba. Nayaandika pia kwa ndugu zangu wa Lindi na Kilwa, kwa sababu wao wana chaguo moja la ziada ambalo Mtwara hatuna.

Kitu chenyewe

Ndege inabebwa na tofauti ya msukumo: hewa ya chini ya bawa inasukuma kwa nguvu kuliko ya juu. Kwenye ncha ya bawa, hewa ya chini hupata upenyo wa kukimbilia juu, na kwa kuwa ndege inakwenda mbele, hewa hiyo hubaki nyuma ikijizungusha. Kila bawa linaacha ya kwake. Matokeo yake ni visulisuli viwili vilivyolala kwa urefu nyuma ya ndege, kama kamba mbili zilizonyooshwa, kimoja kikizunguka kinyume cha mwenzake. Havina vumbi, kwa hiyo huvioni.

Aliyewahi kuvuka kwenda Msangamkuu kwa mtumbwi wakati meli inaingia bandarini anaijua hali hii. Meli imeshakupita, umeshashukuru, unapiga kasia zako taratibu, ndipo wimbi lake linapokufikia. Angani ni vibaya zaidi kwa jambo moja: wimbi la meli linakufuata wewe, lakini kisulisuli cha ndege unakiingia mwenyewe, kwa sababu njia ya kutua ni moja na kila ndege inapita ilipopita ya mbele.

Nguvu yake inategemea mambo matatu. Ndege ikiwa nzito, kisulisuli ni kikali. Ikienda polepole, kikali zaidi, na inapokaribia kutua kila ndege inakwenda polepole. Na kwa uzito uleule, bawa fupi hutoa kisulisuli kikali kuliko bawa refu. Vipimo vilivyowahi kuchukuliwa nyuma ya ndege kubwa vimeonyesha hewa ikizunguka kwa kasi inayozidi futi 300 kwa sekunde karibu na kiini. Kiini chenyewe si kipana, ni mita chache tu, ndiyo maana tukio huja kwa ghafla na kwisha kwa ghafla.

Bahati yetu ni kwamba visulisuli hushuka. Huteremka futi mia kadhaa kwa dakika huku vikizidi kuchoka. Ndege zote za abiria huteremka kwenye mstari mmoja wa nyuzi 3 hivi, kwa hiyo ya nyuma ikibaki juu ya mstari huo, kwa kawaida inakuta mkondo wa mwenzake umeshazama chini yake. Tatizo huja pale ya nyuma inapozama chini ya mstari, au upepo unaposukuma mkondo, au karibu kabisa na ardhi ambako kisulisuli hakina tena pa kushukia. Hapo hutambaa kwa ubavu, kimoja kulia, kimoja kushoto. Na ndege ya mbele ikishagusa ardhi, bawa linaacha kubeba, kisulisuli kinakatika.

Kwa hiyo swali la mjomba lina kasoro. Ndege isiyolala haipo. La kuuliza ni nani yuko mbele yako, yuko mbali kiasi gani, hewa imetulia kiasi gani, na bawa lako ni refu kiasi gani. Kati ya hayo manne, mnunuzi wa tiketi anaweza kuyagusa matatu.

Pangaboi au jeti?

Mtwara tumezoea aina tatu: ATR za Precision Air, Q400 ya Air Tanzania ambayo kila mtu anaiita Bombardier, na kwa ratiba fulani Airbus A220. Mbili za kwanza ni za pangaboi, ya tatu ni jeti.

Anza na uzito. ATR 72 ikijaa kabisa haizidi tani 23, bawa lake mita 27 kutoka ncha hadi ncha. Bombardier ni karibu tani 30 na mita 28. A220-300 hukaribia tani 70 na mita 35. Sasa weka mbele yao Dreamliner, Boeing 787-8: tani zaidi ya 220 inaporuka, bawa mita 60. Hata ikiwa imeshachoma mafuta na inatua, bado inaizidi ATR zaidi ya mara tano.

Hapo A220 inashinda kwa mbali, na si kwa uzito peke yake. Visulisuli viwili vya Dreamliner hukaa mbali kiasi cha robo tatu ya upana wa mabawa yake, mita 45 na ushei. Ndege yenye bawa refu ikiingia kwenye kimoja, sehemu ya bawa lake inabaki nje ikishika hewa tulivu. Yenye bawa fupi inaingia karibu yote. Tena A220 inaendeshwa kwa kompyuta kati ya mkono wa rubani na bawa, na kompyuta hiyo huanza kupinga mlalo kabla mkono wa mtu haujafika. Kwenye ATR, usukani umeunganishwa na vibao vya ncha za bawa kwa nyaya za chuma. Rubani anafanya kazi kwa misuli yake.

Lakini kuna jambo moja linaloipa pangaboi nafuu, na sikulitegemea mpaka nilipopiga hesabu. Kanuni ya kimataifa inagawa ndege kwa uzito: hadi tani 7 ni nyepesi, kutoka hapo hadi tani 136 ni za wastani, kuanzia 136 ni nzito, na A380 imewekewa daraja lake peke yake. ATR, Bombardier na A220 zote ziko kundi moja la wastani. Nyuma ya ndege nzito, waongoza ndege wenye rada wanaipa ya wastani nafasi ya maili 5 za baharini, yaani kilomita 9 na kidogo. Nyuma ya A380 ni maili 7. Nafasi ni ileile kwa zote tatu. Ila A220 inakaribia kutua kwa kilomita 250 kwa saa, au hapo karibu, na ATR kwa 215 hivi. Kilomita zilezile 9, A220 inazimaliza kwa dakika mbili na sekunde kumi na kitu. ATR inakaribia dakika mbili na nusu, hata inazidi kidogo. Sekunde 20 si kitu ukiwa unasubiri daladala Chuno, lakini kisulisuli chenyewe katika hewa tulivu kinaishi dakika mbili tatu tu. Polepole ya pangaboi inakipa kisulisuli muda wa kuchoka.

Pale inapotumika saa badala ya rada, nafuu hiyo inapotea: ya wastani inangoja dakika 2 nyuma ya nzito, iwe pangaboi au jeti.

Mgawanyo wenyewe wa tani 7 hadi 136 naona ni sawa na kumweka mbuzi na ng'ombe zizi moja ukawapa kipimo kimoja cha maji. Wataalamu wa Ulaya waliliona hilo, wakatengeneza madaraja sita badala ya hayo, wakitazama na upana wa bawa. Uwanja wa Charles de Gaulle jijini Paris ulianza kuyatumia mwaka 2016.

Uamuzi wangu kwenye kipengele hiki: ikiwa ndege mbili zinaondoka saa ileile, chukua jeti. Tofauti ipo, ni ya kweli, lakini si kubwa kiasi cha kumfanya mtu abadili siku ya kliniki. Na kati ya ATR na Bombardier, kwa jambo hili, sijaona sababu ya kuchagua. Chukua yenye nauli nafuu.

Kindege cha Kilwa

Hili ndilo chaguo la ziada. Shemeji yangu wa Kilwa Masoko hana ATR mlangoni. Akitaka kuruka, ni kindege cha abiria kumi na wawili, aina ya Caravan, kama vile vinavyokwenda Mafia. Tani 4, bawa mita 16.

Kiweke kwenye picha ya visulisuli vya Dreamliner vilivyoachana mita 45. Kinaingia chote ndani ya kimoja. Hata Bombardier tuliyoizoea Mtwara, kwa Caravan ni tishio: kanuni inakitaka kindege kikae maili 5 nyuma ya ndege ya wastani na 6 nyuma ya nzito, au dakika 3 pale inapotumika saa. Mwaka 2008 jijini Mexico City, Learjet ndogo iliyokuwa inakwenda kutua ilikaribia mno Boeing 767 iliyokuwa mbele yake, ikaanguka mjini. Waziri wa Mambo ya Ndani wa Mexico, Juan Camilo Mouriño, alikuwa ndani.

Ukisoma hapo utasema kindege kisipandwe. Ngoja. Rubani wa Caravan ana silaha ambayo rubani wa jeti hana: hahitaji barabara ndefu. Barabara kuu ya kurukia na kutulia ndege katika uwanja wa Julius Nyerere, Dar, ni ya kilomita 3. Ndege kubwa inagusa ardhi mwanzoni mwanzoni. Caravan inaweza kuteremka juu ya mstari wa mwenzake, ikapita pale ilipogusa, ikatua mbele zaidi ambako kisulisuli hakikufika, na barabara ikabaki tele. Jeti haiwezi kuchezea barabara hivyo. Kwa hiyo kindege kinalindwa na umbali wa mwongozaji na akili ya rubani, na vyote viwili vinataka subira. Shemeji alinilalamikia kwamba walizungushwa juu ya bahari dakika kumi wakati uwanja ulikuwa unaonekana kabisa. Nikamwambia hizo dakika kumi ndizo nauli yako ilizonunua.

Jeti, pangaboi, kindege: kwa mkondo wa ndege ya mbele, hatua ya kwanza kwenda ya pili ni fupi, ya pili kwenda ya tatu ni ndefu. Mwenye njia ya kufika Mtwara kirahisi kutoka Lindi mjini, mimi ningemshauri aje apandie huku. Wa Kilwa, ambaye Mtwara ni kurudi nyuma nusu siku ya barabara, abaki na kindege chake, achague cha mchana. Sababu ya mchana nakuja nayo.

"Imewahi kuangusha?"

Mjomba aliuliza hivyo hivyo, bila kuzunguka. Ndiyo, imewahi.

Tarehe 30 Mei 1972, uwanja wa Greater Southwest, Fort Worth, Marekani, DC-9 ya Delta iliyokuwa kwenye mazoezi ilifuata DC-10, ndege kubwa zaidi yake, kutua. Karibu na ardhi ikabiringika, bawa likagonga barabara, watu wote wanne waliokuwemo wakafa. Hapakuwa na abiria wa tiketi. Ndege kubwa za aina ile zilikuwa mpya wakati huo, na ajali ile iliwafanya wakubwa wa anga wa Marekani waongeze umbali nyuma yake.

Kisa cha pili kina funzo jingine. Septemba 8, 1994, karibu na Pittsburgh, Boeing 737 ya USAir iliyokuwa ikielekea kutua iliingia kwenye mkondo wa Boeing 727 iliyokuwa maili kama 4 mbele. Watu 132 walikufa. Uchunguzi ulichukua zaidi ya miaka minne, na mwisho wake mkondo haukuonekana kuwa muuaji. Mkondo uliitikisa ndege. Kilichoiangusha ni usukani wa mkia, ambao kwa hitilafu ya valvu ulikwenda upande uliotofauti na rubani alivyokanyaga. Mfumo huo ulibuniwa upya katika ndege za aina hiyo.

Katikati ya hizo, mwaka 1992 na 1993, ndege mbili ndogo za jeti zilianguka Marekani, Billings na Santa Ana, zote zikiwa nyuma ya Boeing 757. Hiyo 757 ina tani 115 hivi, kwa karatasi ni ya wastani, lakini kisulisuli chake kilikuwa cha kinyama. Tangu hapo wenye anga wanaiongezea nafasi nyuma yake licha ya uzito wake. Mimi mtu wa mizani kisa hiki kilinifundisha kutoamini mizani peke yake.

Nilimweleza mjomba hivi: ndege za kundi lako, zikiwa na nafasi yake kamili, mkondo huwa ni sekunde chache za kulala na kuinuka, kama alivyoonja. Anayeumia mara nyingi ni yule aliyefungua mkanda mapema ili awe wa kwanza kushuka. Alikaa kimya kidogo. Nadhani alikuwa ameufungua.

Asubuhi, mchana au jioni

Hapa ndipo pana utamu, na ndipo ushauri wa mtaani unakwenda kombo.

Kila mtu atakwambia: panda ya asubuhi, hewa imetulia. Kweli imetulia. Jua halijachemsha ardhi, hakuna mawingu yanayochipuka, unakunywa chai bila kushika kikombe kwa mikono miwili. Mchana, kati ya saa sita na saa kumi, ardhi imeshika moto, hewa moto inapanda, upepo wa bahari unaingia, na ndege inaruka-ruka kama Noah kwenye barabara ya vumbi ya Tandahimba.

Lakini hewa iliyotulia ndiyo inayotunza visulisuli. Hakuna kinachovivunja. Vinakaa palepale, vizima, vikimngoja wa nyuma. Hewa ya mchana inayokurusha roho ndiyo inayovikata vipandevipande na kuvipeperusha. Kwa hiyo rusharusha za mchana na mlalo wa jioni ni watu wawili wasiokaa nyumba moja: anapoingia mmoja, mwenzake hutoka.

Jioni ni mbaya kuliko asubuhi kwa sababu moja zaidi. Jua likizama, hewa inatulia haraka, na kama saa hiyo ndege kubwa za nje zinaingia, unajikuta nyuma ya tani mia mbili katika hewa isiyotikisika. Hiyo ndiyo picha ya safari ya mjomba, neno kwa neno.

Upepo nao si wa kuusema kwa jumla. Upepo wa nguvu ni rafiki, unafagia. Upepo dhaifu wa ubavuni, wa kilomita mbili hadi tisa kwa saa, ni mnafiki. Karibu na ardhi visulisuli hutaka kuachana, kimoja huku, kimoja kule. Upepo dhaifu unakizuia kile cha upande unakotokea upepo, kinabaki kimesimama juu ya barabara kama mgeni asiyeaga. Ukitokea nyuma, unakisukuma mbele hadi pale ndege inapogusia. Wavuvi wa Mikindani wana jina la majira ambayo pepo hazijui ziende wapi: tanga mbili, baada ya kusi kuondoka na kabla kaskazi haijashika, na tena kaskazi ikiishia. Wao huyaogopa kwa sababu zao. Kwa mwenye hofu ya mjomba, hiyo ndiyo miezi ya kuangalia saa ya tiketi kwa makini zaidi. Kusi ikiwa imekaa sawasawa, Juni hadi Agosti, inapiga barabara kuu ya Dar kwa ubavu na inasafisha vizuri, ingawa kutua kwenyewe kunakuwa kwa kupepesuka.

Wewe ni wa kundi gani, basi? Anayetapika, mwenye mimba changa, mwenye mtoto mdogo: asubuhi, bila mjadala, maana rusharusha atakutana nazo mara nyingi kuliko mkondo. Asiyejali rusharusha ila moyo unamtoka ndege ikilala: mchana. Jioni iliyotulia aachiwe mwenye haraka.

Kuna kazi ndogo unaweza kuifanya kwa simu. Fungua Flightradar24 siku moja au mbili kabla, saa ambayo ndege yako itakuwa inaingia Dar, uone ni zipi zinazotua wakati huo. Ukiona 777, 787 na A330 zimepangana, hiyo saa ni ya foleni ya wakubwa. Ukiona ATR na vindege vya Zanzibar, uko na wa rika lako, na ya wastani nyuma ya ya wastani kanuni haiitaki hata nafasi ya ziada kwa ajili ya mkondo.

Kutua Dar na kutua Mtwara

Kwa wanaorudi nyumbani, hili ni fupi. Mtwara ndege iliyotua kabla yako kwa kawaida imeshashusha abiria, na wengine wameshafika Shangani. Mkondo haupo. Kinachobaki ni kusi na joto la mchana. Kwa hiyo uchaguzi wote wa saa ni wa safari ya kwenda. Ya kurudi chagua unavyopenda.

Kiti

Watu wanasema kaa juu ya bawa. Kwa rusharusha ni kweli, mkia unapiga zaidi. Kwa mlalo haisaidii sana: ndege inapobiringika kwenye mhimili wake, wa mbele na wa nyuma wote wanalala kwa pembe moja. Anayekaa njiani anapanda na kushuka kidogo kuliko wa dirishani, lakini kwenye mwili mwembamba wa ATR hiyo ni tofauti ya mkono mmoja. Faida ya kiti cha njiani kwa mjomba ni kwamba hataona taa za Kipawa zikihamia juu ya kichwa chake.

Basi

Aliniuliza, ikabidi nijibu. Kilomita 560 hivi, Mingoyo, Nangurukuru, Somanga, daraja la Mkapa juu ya Rufiji, Ikwiriri, Mkuranga, Mbagala. Siku nzima. Nauli ni sehemu ndogo ya ile ya ndege. Mvua kubwa zikikaa vibaya, njia inakatika: Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, Somanga palikuwa hapapitiki. Na kama ni kusukumwa na mkondo wa mkubwa, panda bodaboda utoke Mikindani ukutane na semitrela la saruji kwenye kona. Lile nalo lina kisulisuli, na barabarani hakuna anayekupangia maili 5.

Kwa mtu mwenye macho yaliyotiwa dawa na mgongo wa miaka sabini, basi nililiondoa kwenye orodha.

Nilichomkatia

Siku ya kliniki yake zilikuwepo mbili: jeti inayofika Dar jua likizama, na pangaboi inayoingia saa nane mchana. Mtu anayesoma kipengele cha pangaboi na jeti tu angechukua jeti. Nilifungua simu siku mbili mfululizo. Saa ile ya jioni, siku zote mbili, kulikuwa na mbili kubwa zilizofuatana zikitokea upande wa bahari. Saa nane kulikuwa na ATR ya Zanzibar na vindege viwili.

Nikachukua pangaboi, kiti cha njiani, usawa wa bawa. Nilimwambia atarushwa kidogo kuanzia Rufiji, lakini hatalazwa, au uwezekano wake ni mdogo kuliko ile ya jioni. Akasema kurushwa hakumsumbui, amepanda pikapu za Newala miaka hamsini.

Kisha akauliza kama safari hii pia anaruhusiwa kuingia na korosho za mgonjwa mwenzake wa wodini. Nikamwambia anaruhusiwa, ila mfuko aufunge mdomo.